Mdomo wa Tangi la Mtondoni

Nchi ninayoisimulia haina jina. Lilikuwepo, ila mwaka juzi lilipelekwa kwenye kamati ili lipitiwe upya, na kamati haijarudi. Tumeambiwa tuseme "nchi yetu" kwa muda, tena tuseme kwa sauti ya kiasi. Msomaji akidhani anaifahamu, hayo ni macho yake mwenyewe. Mimi sijamtajia mtu.

Nilikuwa karani wa kumbukumbu, daraja la tatu, katika Wizara ya Maumbo na Ujazo. Nasikia kuna nchi zisizo na wizara ya namna hii, na watu wake wakitaka kujua kama ndoo imejaa huchungulia tu ndani. Kwetu ujazo ni mali ya serikali. Ndoo haijajaa mpaka mtu wa wizara aje, apime, aandike, na nakala nne zipigwe muhuri. Maji yakimwagika wakati wa kusubiri muhuri, bado ndoo imejaa, kwa sababu imeandikwa.

Wizara yetu ilikuwa na kanuni nyingi, lakini ya kuogopwa ilikuwa Kanuni ya Saba. Inasema hivi: mtumishi yeyote anayekalia kiti chenye mikono haruhusiwi kushuka chini ya usawa wa ardhi akiwa kazini. Chanzo chake ni Naibu Waziri mmoja wa zamani aliyeteleza akatumbukia kwenye shimo la choo alilokuwa akilizindua. Alitolewa mzima, lakini heshima ya serikali ilichukua wiki mbili kuisha harufu. Tangu siku hiyo wakubwa hupimia juu. Mimi, kwa daraja langu la tatu, nilikuwa na kiti chenye mkono mmoja, wa kushoto. Kwa hiyo nilikuwa naruhusiwa kushuka mguu mmoja.

Basi kila shimo, kisima na ghala katika nchi yetu lilipimwa kwa namna moja. Unavuta futi kamba juu ya mdomo, unapata eneo la mdomo. Unatumbukiza kamba yenye jiwe katikati, unapata kina. Unazidisha, umemaliza, unakwenda kula. Na nisiwe mwongo: kwa pipa, hesabu hiyo haina kosa. Pipa ni lilelile juu na chini. Likate popote kwa msumeno, mkato wake ni duara lenye ukubwa uleule wa mdomo. Taabu ilikuja pale tulipoamua kwamba kila kitu duniani ni pipa.

*

Mtondoni ni mji wa kaya elfu moja mia moja hamsini na tano, ulioko upande wa nchi ambao mvua hufika kama mgeni aliyepotea njia. Ulikuwa na visima vitano vya zamani, vyembamba, virefu, vyenye maji matamu. Waziri wetu, Mheshimiwa Dokta Mabula Ndimbo, alipovipita siku moja akiwa garini aliona aibu. Alisema taifa linalojiheshimu halichoti maji kwenye tundu.

Ikaamuliwa lichimbwe tangi kubwa la ardhini, lisakafiwe kwa zege, lijazwe wakati wa mvua, na liutoshe mji kwa kiangazi chote cha siku mia mbili na arobaini. Kazi akapewa mkandarasi aitwaye Ndimbo Mdogo. Aliyeuliza kama wana undugu alijibiwa kwamba majina ni machache kuliko watu. Mkataba ulikuwa wazi kabisa: mdomo wa duara, kipenyo mita arobaini na mbili, kina, mita kumi na mbili.

Ndimbo Mdogo alikuwa mtu msomi. Aliisoma Kanuni ya Saba, akaelewa kwamba watakaokuja kupima watapima vitu viwili tu: mdomo, na katikati. Akachimba hivyo vitu viwili. Mdomo aliupanua mita arobaini na mbili, hakupunguza hata kidole. Katikati alishuka mita kumi na mbili, hakudanganya. Lakini kati ya ukingo na ile sehemu ya chini kabisa, kuta aliziteremsha kwa mshazari, moja kwa moja, hadi zikakutana kwenye ncha ambayo mtu asingeweza kuweka viatu vyake viwili sambamba. Hakuwa amechimba pipa. Alikuwa amechimba koni iliyosimama kwa ncha, kama faneli ya kujazia mafuta ya taa, na theluthi mbili za udongo aliotakiwa kuutoa zilibaki salama mahali zilipoumbwa.

Nilikuwepo siku ya ukaguzi. Nilisimama ukingoni, mguu mmoja ndani kama kanuni inavyoniruhusu, nikaona wazi jinsi kuta zinavyochongoka. Niliangalia fomu. Fomu ilikuwa na kisanduku cha mdomo na kisanduku cha kina. Kisanduku cha mshazari hakikuwepo. Nikaandika: mdomo, mita za mraba elfu moja mia tatu themanini na sita, kina, mita kumi na mbili, ujazo, madebe laki nane thelathini na moja elfu na mia sita. Kaya zote, madebe matatu kila moja kwa siku, siku mia mbili na arobaini, bila kubaki hata tone. Nikasaini. Sina la kujitetea. Niliona kwa macho yangu nikasaini kwa mkono wangu, na mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Siku ya uzinduzi Waziri alikata utepe, akapiga picha na mdomo wa tangi, akahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema, "watu wengine hutazama undani wa mambo. Hao ndio wanaotuchelewesha! Tangi ni mdomo! Ukishauona mdomo umeliona tangi!"

Makofi yalipigwa kwa ratiba. Kisha akasoma sheria mpya: mji wenye maji yaliyothibitishwa ya siku mia mbili na arobaini hauruhusiwi kuwa na kisima. Jioni ile ile visima vyote vitano vilimiminiwa zege mdomoni. Kuhusu maji yatakayokaushwa na jua, Waziri aliwatoa watu wasiwasi. Alisema jua limeshaandikiwa barua.

*

Sasa nimlete Bi Sikitu.

Bi Sikitu alikuwa mjane wa makamo, mwenyekiti wa Umoja wa Kinamama wa Mtondoni, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiuza karanga za kukaanga nje ya geti la ofisi yetu. Karanga zake alizipima kwa kopo la bati, au alizifunga kwenye koni ya karatasi. Koni hizo alizikunja juu ya kalibu ya mti iliyochongoka, aliyochongewa na marehemu mumewe, na marehemu alikuwa mtu wa vipimo: upande mpana wa kalibu ulilingana na mdomo wa kopo, na urefu wake ulilingana na kina cha kopo.

Siku ya tatu baada ya uzinduzi alikuja mezani kwangu na kopo tupu, koni tupu, na kikapu cha karanga.

"Karani, hebu jaza hiyo koni umimine kwenye kopo."

Nikajaza, nikamimina. Kopo likawa na karanga kidogo chini.

"Rudia, baba."

Nikarudia. Bado.

"Tena."

Mara ya tatu kopo likajaa, likawa sawa na ukingo.

"Miaka ishirini na sita," alisema, "kopo moja, koni tatu. Haijawahi kuwa mbili, haijawahi kuwa nne. Mteja akitaka kopo nikampa koni moja, ananitukana mpaka marehemu anasikia huko aliko. Sasa niambie, lile shimo lenu ni kopo au ni koni?"

"Bi Sikitu," nilisema, na nilisema kwa upole kwa sababu nilijua amesema kweli, "hizi ni karanga. Wizara inazungumzia maji."

"Maji ndiyo yana adabu zaidi. Karanga huacha nafasi kati yao, maji hayaachi." Akajifunga khanga vizuri. "Maji yenu si ya siku mia mbili na arobaini. Ni ya siku themanini. Na binti yangu Mwanaidi atajifungua wiki hizo hizo, pale zahanati, ambako wakunga wanamtaka kila mzazi aje na madebe mawili ya kuoshea. Siku ya themanini na moja nitampa nini, picha ya Waziri?"

Nilimpa Fomu ya Mshangao. Ndiyo fomu pekee tuliyokuwa nayo kwa mwananchi aliyeona jambo. Aliijaza kwa herufi kubwa, akaambatanisha kopo lililojaa na koni tatu kama ushahidi, tukavituma makao makuu. Jibu lilirudi baada ya siku arobaini, likiwa na mihuri mitatu. Lilisema: "Wizara imepokea karanga zako. Zilikuwa nzuri. Tafadhali leta nyingine."

*

Kiangazi kikaanza, na watu wakaanza kuchota. Madebe matatu kila kaya kila siku, kwenye koki kuu, chini ya usimamizi.

Ajabu ya koni iliyosimama kwa ncha ni kwamba hudanganya taratibu, kisha kwa haraka. Wiki za mwanzo maji yalishuka kidogo tu, kwa kuwa huko juu ni kupana. Watu wakamcheka Bi Sikitu. Waziri akapeleka salamu redioni kwamba wauza karanga warudi kwenye karanga. Lakini kila maji yaliposhuka, mkato wake ulizidi kuwa mdogo, na siku iliyofuata yalishuka zaidi kwa madebe yaleyale. Siku ya sabini uso wa maji ulikuwa umepungua ukawa kidimbwi chenye upana nusu ya mdomo, na watu hawakucheka tena.

Siku hiyo ya sabini wizara ilikuja kupima. Jiwe likatumbukizwa katikati. Kamba ikalowa mita sita.

"Nusu!" akasema Mpimaji Mkuu kwa furaha, kutoka kwenye kiti chake chenye mikono miwili kilichowekwa ukingoni. "Mita sita kati ya kumi na mbili. Tangi liko nusu!"

Bi Sikitu alikuwa pembeni na kikapu chake. Alichukua koni, akaijaza karanga mpaka nusu ya kimo chake tu, akamimina kiganjani. Zilikuwa karanga saba. Akaijaza nzima, akahesabu: hamsini na sita.

"Hiyo nusu yenu ni moja ya nane," alisema. "Imebaki siku kumi."

Mpimaji Mkuu hakusikia, maana kisheria alikuwa bado anazidisha. Alipomaliza kuzidisha, uso wake ulibadilika. Kwa hesabu ya wizara, kwa siku sabini maji yalipaswa kushuka mita tatu na nusu. Yalikuwa yameshuka mita sita. Mita mbili na nusu, mara eneo la mdomo, zilikuwa madebe laki moja sabini na tatu elfu mia mbili na hamsini. Maji hayo hayakuwepo, na kwa kuwa wizara haikosei, basi yameibwa.

Nilitakiwa kuandika hati ya mashtaka nami nikaiandika. Kila kaya ya Mtondoni, pamoja na wajane, vichanga na imamu wa msikiti, ilituhumiwa kuiba madebe mia moja na hamsini na kuyaficha. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta ziwa. Waligonga kuta, wakafunua magodoro. Kwa Bi Sikitu walikamata chungu kimoja cha uji.

Siku ya sabini na mbili koki kuu ilifungwa kwa kufuli. Tangazo lilisema kufuli litaondolewa maji yakirudishwa, au mwakilishi wa mji akikiri wizi kwa saini. Mwakilishi aliyetajwa alikuwa mwenyekiti wa Umoja wa Kinamama.

Mwanaidi alikuwa ameanza kuumwa kiuno asubuhi ile.

*

Wazee wengine walimwendea Bi Sikitu kumsihi. Nilikuwepo, nikijifanya nanunua karanga.

"Saini tu, dada yetu," mmoja alisema. "Karatasi haina meno. Kufuli litoke, watu wanywe."

"Wanywe siku ngapi?"

Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kumebaki maji ya siku nane. Nikisaini, tutakunywa siku nane, na baada ya hapo tutakuwa wezi wenye kiu. Visima vitabaki na zege milele, kwa sababu nitakuwa nimekubali kwamba tangi lilikuwa na maji ya kututosha." Akaweka kikapu chini. "Mimi sijaiba maji. Ninyi hamjaiba. Binti yangu ana siku chache, nami nimekaa hapa naambiwa nikiri kwamba koni ni kopo! Sikiri. Hata wanifunge ndani ya hilo shimo lao, sikiri."

Kisha akanigeukia ghafla.

"Karani, wewe uliye hodari wa kununua karanga usizokula. Neno la Waziri linakuwa sheria lini?"

Nilimweleza kama kanuni inavyosema. Neno la Waziri likisemwa barazani na kuandikwa na karani kwa wino, ni sheria siku hiyo hiyo. Likishaandikwa halifutwi, isipokuwa Waziri mwenyewe atamke kinyume chake, na hicho kinyume nacho kinakuwa sheria kwake yeye wa kwanza.

"Na glasi yake?"

Kila mtu nchini aliijua glasi ya Waziri. Ilikuwa ndefu, iliyonyooka, nene, na haikuachwa nyumbani kamwe. Ilibebwa na Msaidizi Maalumu wa Glasi, mtu mzima wa miaka hamsini mwenye shahada. Itifaki ilimpa Waziri glasi moja ya juisi ya ukwaju kila robo saa awapo juani.

"Glasi yake," nilisema, "mdomo wake ni sentimita nane, kina chake kumi na tano. Niliwahi kuiandikia kumbukumbu."

Bi Sikitu alizifunga karanga zangu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu, hakuchukua pesa. Alikwenda moja kwa moja kwa fundi bati.

*

Baraza lilikaa siku ya sabini na nne, saa sita mchana, ukingoni mwa tangi, kwenye jua ambalo inaonekana halikuipata ile barua. Mji wote ulikuwepo, midomo imekauka. Waziri aliketi kwenye kiti chenye mikono minne, miwili ya akiba. Mbele yake palikuwa na hati ya kukiri wizi na kalamu.

Kwa kuwa mapokezi ya wageni ni kazi ya Umoja wa Kinamama, Bi Sikitu ndiye aliyehudumu. Alikuja na jagi la ukwaju na kibao kilichotobolewa, na katika tundu la kibao kilikaa kikombe cha bati kipya, kinachong'aa, kilichochongoka chini kama koni. Alikiweka mezani.

"Mheshimiwa, glasi yako Msaidizi wako ametukabidhi tuihifadhi isivunjike. Hiki tumekutengenezea maalumu. Mdomo ni uleule, kina ni kilekile. Mpimaji wako Mkuu amethibitisha."

Mpimaji Mkuu alikuwa amethibitisha kweli. Alikuwa amepima mdomo na kina, akazidisha, na kupiga muhuri bila kushuka kitini.

Waziri akahutubia. Alisema juu ya uzalendo wa ujazo. Alisema kuna nguvu za nje zinazotaka taifa lionekane limechongoka. Alisema mtu anayechungulia ndani ya tangi leo, kesho atachungulia ndani ya serikali. Alivuta pumzi, akachukua kikombe, akanywa. Funda moja, la pili, kikaisha. Alikitazama, akarudi kwenye hotuba. Robo saa ikapita, akamiminiwa, akanywa, kikaisha tena kabla koo halijajua. Jua lilikuwa kichwani. Robo saa ya tatu alikinyanyua kwa mikono miwili, akakigeuza, akakipiga makalio kama mtu anayetafuta chenji.

"Ninyi watu!" alifoka. "Mnanichezea? Hii si glasi nzima! Nimekunywa mara tatu, nimepata glasi moja!"

"Mdomo ni uleule, Mheshimiwa," alisema Bi Sikitu.

"Mdomo wa nini! Chombo kilichochongoka chini hakiwezi kuchukua sawa na glasi yangu, hata mdomo uwe uleule! Hiki ni theluthi! Theluthi tu! Mtoto wa shule anajua!"

Nilisikia kalamu yangu ikikwaruza karatasi.

"Karani," aliuliza Bi Sikitu, "umeandika?"

"Nimeandika."

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

Waziri alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa Waziri tu. Alinitazama kwa macho ambayo yamewahi kuwahamisha watu mikoa.

"Futa."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa kazini na mkono mmoja wa kiti. Niliwaza ile siku niliyosimama ukingoni, mguu mmoja ndani, nikiandika uongo kwa mwandiko mzuri.

"Mheshimiwa, sifuti," nilisema. "Kanuni hairuhusu. Na hata ingeruhusu, sifuti."

Watu wakaguna kwa pamoja. Bi Sikitu akajaza kile kikombe cha bati polepole, akakisogeza mbele ya Waziri.

"Njia ipo, Mheshimiwa. Tamka tu kwamba kikombe hiki ni sawa na glasi yako, karani ataandika, na neno la kwanza litakufa. Ila itakuwa sheria kwako wa kwanza. Tutakuhudumia kwa hiki leo na kesho, hapa na kila utakapokwenda, maisha yako yote. Halafu nipe hiyo kalamu. Nitasaini."

Waziri akakitazama kikombe. Akalitazama jua. Akatazama nyuso elfu za watu ambao hawakuwa wamekunywa tangu juzi, na ambao walikuwa na subira zaidi yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kuliko zote alizowahi kutoa hadharani:

"Nipeni glasi yangu."

Na hilo nikaliandika.

*

Hati ya kukiri wizi ilibaki mezani bila saini, ikapeperushwa. Msafara wa Waziri ulikuwa haujapotea kwenye vumbi pale Bi Sikitu alipofika kisima cha kwanza na mtarimbo begani, mji mzima nyuma yake, mchana kweupe. Mkuu wa polisi alisimama mbele ya zege.

"Kwa sheria ipi?"

Nilimsomea mimi. Chombo kilichochongoka chini huchukua theluthi, amesema Waziri. Basi tangi la Mtondoni si la siku mia mbili na arobaini, ni la siku themanini. Na mji wenye maji ya siku themanini hakuna sheria inayoukataza kisima.

Mkuu wa polisi alisoma mwenyewe mara mbili. Alikuwa naye anakaa Mtondoni, na kaya yake ilikuwa inashtakiwa kwa madebe mia moja na hamsini. Akavua kofia, akaishika chini ya kwapa, akasema, "Nipisheni, mtarimbo huo mnaushika vibaya."

Zege la kisima cha kwanza lilivunjika saa tisa. Debe la kwanza na la pili yalikwenda zahanati. Mwanaidi alijifungua alfajiri ya pili yake, mtoto wa kike, akaoshwa kwa maji matamu ya tundu lile lililomwaibisha Waziri. Bi Sikitu alilia pale mlangoni bila kujificha, na wakunga walilia naye.

*

Nisingependa mtu afikiri serikali ilishindwa. Mwezi uliofuata wizara ilitangaza kwamba, baada ya utafiti wa kina, imegundua theluthi. Ndimbo Mdogo alipewa nishani kwa kuchimba tangi lililowezesha ugunduzi huo. Mimi nilipewa barua. Mkono wa kiti changu ulikatwa kwa msumeno mbele ya watumishi wote, kisha kiti chenyewe kikachukuliwa. Sasa nakunja koni za karanga kwa Bi Sikitu, na karatasi ninazokunjia ni zile Fomu za Mshangao, ambazo zilibaki nyingi.

Juzi wamekuja tena. Wametuma ujumbe wa wataalamu sita, kila mmoja na kiti chake, kupima visima vyetu ili wathibitishe kama tunastahili kuwa navyo. Waliviweka viti ukingoni, wakatoa futi kamba. Bi Sikitu akawasimamisha, mjukuu mgongoni.

"Hapa hatupimi mdomo tena," aliwaambia. "Anayetaka kujua kisima kina nini, ashuke. Ngazi hiyo hapo."

Wataalamu wakaangaliana, wakaangalia mikono ya viti vyao, wakaangalia ngazi. Mmoja aliuliza kama hatuna mtu wa daraja la chini anayeweza kushuka kwa niaba yao.

Nikavua viatu. Nikashika ngazi, nikateremka hatua kwa hatua, mpaka nyuso zao huko juu zikawa duara dogo la macho. Maji yalinifika kifuani, baridi, na nilisimama humo kwa miguu yote miwili.

"Karani!" waliita kutoka juu. "Kuna kiasi gani?"

Sikuwajibu. Nilikuwa nakunywa.